Waridi Lako Litavuka Kipupwe

Mwezi wa Juni unapoingia, ukungu huanza kushuka juu ya Chome, Mbaga, Suji, Vudee na vijiji vingine vya juu katika milima ya Upare. Akina mama hutoa masweta sandukuni, uji wa asubuhi huongezwa moto, na watoto huondoka kwenda shule wakiwa wamekunja mikono kifuani. Kando ya nyumba kuna mwingine anayepata shida, naye hana sweta. Huyo ni mwaridi wako.

Mwezi wa Mei ulikuwa umejaa majani. Ifikapo katikati ya Julai majani yana madoa meusi, yanageuka manjano na kuanguka. Vichipukizi vimepakwa kitu cheupe kama unga. Mwezi wa Agosti zinabaki fimbo tupu zenye miiba. Hapo ndipo mama mkwe anapopita na kusema, "Mwanangu, hilo ua limekufa. Ling'oe upande vitunguu." Nawe, kwa heshima, unachukua jembe.

Mpendwa mama, kabla hujachukua jembe, tafadhali soma kwanza. Miwaridi mingi inayong'olewa mwezi wa Agosti ina uhai. Na wewe unajua kwamba huo si mmea tu. Pengine mama yako mzazi alikupa kijiti chake siku ulipoolewa, ukakibeba kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Maua yake yamewekwa madhabahuni, yamepamba ubatizo wa mtoto wako, na pengine umeyapeleka makaburini ukilia. Mwaridi wa namna hiyo hauna bei sokoni, na ukiung'oa hakuna duka litakalokurudishia.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Mji wa Same uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika milima ya Upare, kina mita 2,462. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000, hali ya hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Kwa hiyo kutoka stendi ya Same hadi kileleni pana tofauti ya nyuzi 9 au 10, na vijiji vya milimani viko katikati ya hapo, kila kimoja na baridi yake.

Tena kuna habari ya upepo. Miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukifika milimani hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, nao unyevu hugeuka kuwa ukungu na manyunyu. Ukishavuka upande wa magharibi, ulipo mji wa Same, upepo huo umekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo maana ndugu wawili, mmoja ameolewa Chome na mwingine Same mjini, wanaweza kuwa na kijiti kutoka mti uleule, na bado kila mmoja akahitaji ushauri wake. Wa juu anasumbuliwa na maji mengi majanini. Wa chini anasumbuliwa na kiu.

Jambo la kukumbuka ni hili: katika vijiji tunamoishi, baridi yenyewe siyo inayoua mwaridi. Mwaridi huuawa na jalidi kali, yaani baridi inayogandisha maji ndani ya shina mpaka likapasuka. Huko Kitulo na sehemu za Njombe jalidi huonekana miezi ya Juni na Julai, na mama wa huko hufanya vizuri kufunika miche michanga usiku kwa gunia na kuifunua asubuhi. Kwetu Upare shida hiyo si ya kawaida.

Tena waridi linapenda ubaridi kiasi. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na ya kwetu yako kwenye nyanda za juu za Arusha. Wakulima hao hawakupachagua kwa bahati. Usiku wa baridi hufanya ua likue polepole, na ua linalokua polepole huwa na kichwa kikubwa na rangi iliyokolea. Mama wa milimani ana hali ya hewa ambayo wengine huitafuta.

ADUI WATATU WA MWARIDI MILIMANI

Kama si baridi, basi ni nini kinachoangusha majani? Adui ni watatu, nao hufanya kazi pamoja.

Wa kwanza ni majani yanayokaa na maji. Ugonjwa wa madoa meusi huletwa na kuvu. Mbegu zake ndogo haziwezi kuota juu ya jani kavu. Zinahitaji jani libaki na maji kwa muda wa saa 7 hivi. Sasa fikiria ukungu wa Julai unaotanda tangu jioni hadi saa nne asubuhi. Muda huo unatosha na kubaki.

Wa pili ni kivuli. Mwaridi unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 kwa siku. Wengi tumeupanda chini ya migomba au karibu na mparachichi, na kwenye kipupwe hata lile jua kidogo halifiki. Ubwiri unga, ule weupe kama unga, hupenda sana mahali pa kivuli pasipopita hewa.

Wa tatu ni miguu iliyolowa. Udongo wa baridi uliojaa maji hunyima mizizi hewa. Mizizi ikidhoofika, mti hauna nguvu ya kutoa majani mapya kufidia yaliyoanguka.

Ukiwatazama adui hawa utaona kwamba dawa ya kwanza haiko dukani. Iko mikononi mwako.

KAZI ZA KUFANYA KABLA NA WAKATI WA BARIDI

Chagua upande wa nyumba. Hili wengi hawalijui. Miezi ya Juni hadi Agosti jua letu hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini wa nyumba hukaa kivulini, na ukuta wa kaskazini hupata jua. Kama unapanda mwaridi mpya, upande kaskazini au mashariki mwa nyumba, ambako jua la asubuhi litakausha majani mapema. Acha nafasi ya hatua moja kubwa kati ya mti na mti, wala usiubane ukutani. Maua yaliyo kwenye makopo yahamishie upande huo mpaka mwisho wa Agosti.

Fungua katikati ya mti. Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zinapopungua, chukua mkasi mkali au kisu safi, uondoe matawi makavu, membamba kama njiti, na yale yanayosuguana. Hii siyo kupogoa kwenyewe. Ni kufungua mlango ili hewa ipite. Mwaridi uliofunguliwa vizuri unafanana na bakuli: matawi yamezunguka pembeni, katikati pana nafasi.

Okota majani yaliyoanguka. Kuvu la madoa meusi hulala katika majani hayo likingoja siku ya manyunyu lirukie mapya. Kazi hii wape watoto kila Jumamosi na kikapu chao. Majani yachomwe au yafukiwe mbali. Yasitupwe kwenye shimo la mboji.

Sogeza matandazo. Majani makavu ya migomba chini ya mwaridi ni mazuri, lakini wakati wa ukungu yasiguse shina. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina zima. Kama maji yanatuama, chimba kijifereji kidogo kiyapeleke pembeni.

Usiupe samadi wakati wa baridi. Mama mwenye huruma akiona ua linadhoofu hulimwagia ndoo ya samadi. Matokeo yake ni vichipukizi laini ambavyo ubwiri unga na vidukari huvipenda kuliko vyote. Subiri mwisho wa Agosti. Majivu ya jikoni, konzi moja kwa mti, yanafaa udongo wa milimani ambao mara nyingi una asidi.

Kama ni lazima kumwagilia, fanya hivyo asubuhi, tena shinani. Maji yakimwagwa majanini jioni, umeusaidia ukungu kazi yake.

USIIGE KILA KITU CHA UGENINI

Vitabu vingi vya bustani huandikwa Ulaya na Marekani, na mtoto wako aliyesoma anaweza kukuletea ushauri wa huko. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, baridi huweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Watu wa huko hulegeza mizizi ya upande mmoja, wakaulaza mwaridi mzima ndani ya mtaro, wakaufunika kwa udongo na majani mpaka baridi iishe. Wengine hufukia shina kwa kichuguu cha udongo, au huuvika mti gunia. Wanafanya hivyo ili shina lisigande.

Kwetu shina haligandi. Ukilifunika kwa kichuguu cha udongo uliolowa, litaoza. Ukiuvika mti mfuko wa nailoni, utafungia humo unyevu uleule unaoukimbia. Tena mwaridi wa huko hulala usingizi kamili, kwa kuwa siku huwa fupi sana na baridi ni kali. Mwaridi wa Upare haulali kabisa. Unapunguza mwendo tu. Unaendelea kuhitaji hewa na mwanga kila siku.

HABARI YA DAWA

Ubwiri unga ukianza, kuna dawa ya nyumbani. Changanya kikombe 1 cha maziwa na vikombe 9 vya maji, unyunyizie majani asubuhi yenye jua, mara moja kwa wiki. Dawa hii huzuia ugonjwa usienee, lakini haiponyi madoa meusi. Kwa madoa meusi, njia iliyo bora ni kung'oa majani yenye madoa mara uyaonapo na kuyachoma.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa kwenye vitumba, wapanguse kwa vidole au uwanyunyizie maji yenye sabuni kidogo. Ukiona wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, usiwaue. Hao hula vidukari.

Nyumba nyingi za milimani zina dawa za kahawa, kama zile zilizotengenezwa kwa mrututu. Ni kweli dawa za namna hiyo huzuia kuvu. Lakini kama huwezi kusoma kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, muulize bwana shamba au bibi shamba kwanza. Usichanganye dawa ndani ya ndoo ya maji ya kunywa wala sufuria ya jikoni. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto hawezi kujua tofauti. Chupa na makopo ya dawa yatobolewe na kutupwa, yasigeuzwe vyombo vya mafuta ya taa wala chumvi. Hakuna ua linalostahili kulipiwa kwa uhai wa mtoto.

KWA MAMA WA SAME NA TAMBARARE

Dada uliye Same, Hedaru au Makanya, wewe una neema nyingine. Kipupwe chako ni kikavu na chenye jua, na hii ndiyo miezi ambayo waridi lako linaweza kuchanua vizuri kuliko miezi mingine yote, kwa kuwa joto limepungua. Ukipogoa, pogoa mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua za masika.

Shida yako ni maji. Same hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, na tangu Juni hadi mvua za vuli mbingu hufunga. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025. Hata hivyo, maji yanayolipiwa hayapaswi kumwagwa ovyo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mifereji usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Maji ya ndiva ni ya mahindi na maharage, na mtu asiibe zamu ya jirani kwa ajili ya maua. Lakini hekima ya ndiva tunaweza kuileta nyumbani: hifadhi kile ambacho kingepotea.

Maji uliyosafishia mboga na maji ya kusuuza vyombo yanatosha kuulisha mwaridi. Yale yenye dawa ya kung'arisha nguo au chumvi nyingi usiyatumie. Zungushia mti kijibwawa cha udongo, umwage ndoo moja nzima mara mbili kwa wiki. Hiyo ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji mengi huenda chini na mizizi huyafuata, bali maji kidogo huishia juu yakakauka. Unaweza pia kutoboa matundu madogo kwenye chupa ya plastiki, ukaifukia karibu na mizizi mdomo ukiwa juu, ukaijaza kila jioni. Matandazo kwako yawe manene, nchi tatu hivi, lakini hata kwako yasiguse shina.

Kama majani yanageuka manjano lakini mishipa yake inabaki ya kijani, huenda udongo au maji yako yana magadi au chumvi. Punguza majivu, ongeza mboji.

JARIBIO LA UKUCHA

Sasa turudi kwa mama wa milimani aliyeshika jembe mwezi wa Agosti. Weka jembe chini. Kwaruza gome la tawi kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi chini ya gome, tawi hilo li hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, hivyo hivyo mpaka karibu na ardhi. Mwaridi wenye kijani hata kiasi cha kidole kimoja juu ya ardhi unaweza kuchipua tena. Hata usipoona kijani, ngoja mpaka mvua za vuli zinyeshe mwezi wa Oktoba na Novemba. Haraka haraka haina baraka.

Lakini angalia jambo moja. Miwaridi mingi inayonunuliwa imeunganishwa: juu ni waridi zuri, chini ni shina la mwaridi mwingine wenye nguvu. Chipukizi likitoka chini ya kile kivimbe cha maungio, livunje, kwa maana halitakupa ua ulilolizoea. Wale waliopanda kwa kijiti cha mama hawana hofu hiyo, kwa kuwa mti wao ni mmoja toka mizizi hadi ncha.

KUPOGOA, NA KUJIANDAA KWA KRISMASI

Wiki ya mwisho ya Agosti, ukungu unapopungua, ndio wakati wa kupogoa huko milimani. Usipogoe Juni, utaita vichipukizi vichanga vije kufa kwa ubwiri. Bakiza matawi manne au matano yenye afya, uyakate yabaki na urefu wa goti. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Kisha uweke samadi iliyooza vizuri, nusu ndoo kwa kila mti.

Tangu kukata hadi kuchanua ni wiki 6 hadi 8 mahali pa joto, na milimani huweza kufika wiki 10. Kwa hiyo utapata maua mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Na kama unataka mawaridi ya Krismasi, wakati watoto na wajukuu wanaporudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, na harusi za Desemba zimekaribia, basi katikati ya Oktoba kata kidogo ncha za baadhi ya matawi. Hayo yatakungojea.

Wala usitupe vijiti ulivyokata. Chagua vilivyo na unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, vyenye macho matatu au manne. Ondoa majani ya chini, uvichomeke theluthi mbili ndani ya udongo uliochanganywa na mchanga, mahali penye kivuli chepesi, na udongo usikauke. Baada ya wiki 4 hadi 8 vingi vitakuwa na mizizi.

Kimoja kibaki kwako. Kingine mpe jirani, na kingine mpelekee binti yako aliyeolewa Same, Moshi au Dar es Salaam. Kisha mwaka ambao baridi, ukame au mbuzi watamaliza mwaridi wako, utabisha hodi kwa jirani na kuomba kijiti cha ua la mama yako.